Viini 32 kwa viini 32, tofauti inatoka wapi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Ofisini tunanunua seva moja mpya ya soketi moja, yaani yenye prosesa moja. Itabeba hifadhidata ya PostgreSQL pamoja na mashine pepe (virtual machine) kama kumi na tano, baadhi za Linux na baadhi za Windows Server. Nimebaki na prosesa mbili mezani: Intel Xeon Gold 6430 na AMD EPYC 9354P. Zote zina viini 32 (core) na nyuzi 64 (thread, mbili kwa kila kiini), umeme unakaribiana, ila ya AMD imezidi kwa kama dola 600. Bosi ananiuliza hizo 600 tunalipia nini, na sina jibu. Seva mbili tulizonazo ni za Xeon za zamani. Unanishauri nini?

Jibu: Ndugu yangu, bosi wako ameuliza swali zuri. Ila kuna kosa dogo limejificha kwenye namna ulivyolinganisha. Umeona 32 huku na 32 kule, ukahesabu kwamba mizani imelingana, na kilichobaki ni bei. Kiini si kipimo kama kilo au lita. Ni kama kuambiwa kila upande una vibarua 32: bado hujajua kibarua wa upande upi anabeba mifuko mingapi kwa saa.

Tuanze na kasi ya saa, yaani mapigo ya kiini kwa sekunde, maana sehemu kubwa ya zile 600 iko hapo. Karatasi ya 6430 inasema kasi ya msingi ni 2.1 GHz na ya juu ni 3.4. Ya 9354P inasema 3.25 na 3.8. Wengi huchukua zile za juu, 3.4 kwa 3.8, wakaona tofauti ni ya kupuuza. Lakini kasi ya juu hupatikana viini vichache vikiwa kazini na wenzao wamelala, na seva yenye mashine pepe kumi na tano hailali. Namba ya kuisaka ni ile ambayo viini vyote hufikia kwa pamoja, na mara nyingi hairuki machoni kama zile nyingine mbili. Kwa 6430 ni 2.6 GHz. Kwa 9354P ni 3.75. Gawanya mwenyewe: AMD imezidi kwa takriban asilimia 44.

Usikimbilie kumwambia bosi kwamba kazi itaongezeka kwa asilimia 44. Kwa kila pigo la saa, viini vya Zen 4 vilivyomo kwenye EPYC hii na vya Golden Cove vilivyomo kwenye Xeon havijaachana mbali, kwa hiyo kwenye kazi ya hesabu tupu tofauti ya saa utaiona karibu yote. Hifadhidata si hesabu tupu. Kiini hutumia muda mwingi kusubiri data kutoka kwenye RAM au diski, na anayesubiri haendi mbio zaidi kwa kupewa viatu vyepesi. Faida itakuwepo, ila itakuwa ndogo kuliko ile ya kwenye karatasi, na ukubwa wake unategemea ombi lako linasubiri nini.

Ndiyo maana kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, ni ya kuiangalia kwa makini. 6430 ina MB 60 za kashe ya ngazi ya tatu, zinazotumiwa na viini vyote. 9354P ina MB 256, ila zimegawanywa mafungu manane ya MB 32, kila fungu likiwa la viini vinne. Mgawanyo huu una pande mbili. Mashine pepe ndogo yenye nyuzi nane au pungufu, ukiifunga kwenye fungu moja, inakaa na MB 32 zake, na jirani mwenye kelele hawezi kumwaga takataka humo. Mashine pepe kubwa yenye nyuzi 24 italazimika kutawanyika kwenye mafungu kadhaa, na viini vyake vikitaka kupeana data vinazunguka kupitia kipande cha katikati cha prosesa, safari iliyo ndefu zaidi. Xeon haina mipaka hiyo, lakini nayo MB 60 kwa viini 32 ni chini ya MB 2 kwa kila kiini. Kuna MB 2 nyingine za ngazi ya pili ndani ya kila kiini, ambapo AMD imeweka 1, na hilo linaipunguzia Xeon makali ya upungufu. Kwa mashine pepe nyingi za wastani kama zako, mimi napendelea mpangilio wa AMD.

Sasa RAM. Hapa ndipo nimeona watu wakipoteza pesa zaidi kuliko kwenye prosesa zenyewe.

6430 ina chaneli nane (njia kati ya prosesa na RAM) za DDR5 zinazokwenda kwa 4400, yaani mikupuo milioni 4,400 kwa sekunde. 9354P ina chaneli kumi na mbili kwa 4800. Kila chaneli hubeba baiti nane kwa kila mkupuo, kwa hiyo ukizidisha unapata kama GB 282 kwa sekunde upande wa Xeon na GB 461 upande wa EPYC. Pengo ni kubwa, lakini linakuwepo tu ukijaza chaneli. Prosesa yenye milango kumi na miwili ukiifungulia minne haina tofauti na yenye milango minne.

Niliwahi kuitwa kuangalia seva mpya ya EPYC iliyokuwa inashindwa na ile ya zamani iliyokuja kuibadilisha. Ripoti za mwisho wa mwezi zilikuwa zinakwenda kwa kujikokota, na fundi aliyeifunga alikuwa ameshabadilisha mipangilio ya PostgreSQL mara tatu. Nikaandika dmidecode -t memory, amri ya Linux inayoorodhesha vijiti vya RAM, majibu yakateremka kwenye kioo: nafasi ya kwanza GB 64, inayofuata tupu, tupu, halafu nyingine ya GB 64. Kwa jumla vijiti vinne kwenye nafasi kumi na mbili. Kwenye profoma ilikuwa imeandikwa "RAM GB 256", na GB 256 zilikuwemo kweli, hakuna aliyedanganya. Ila muuzaji alikuwa amechagua vijiti vinne vikubwa badala ya vinane vidogo, na mashine ikabaki na theluthi moja ya njia zake za kupitisha data. Tuliagiza vijiti vingine, hatukugusa mstari mmoja wa PostgreSQL, na ripoti zikarudi kwenye mwendo.

Kwa hiyo kwenye profoma usikubali jumla ya GB peke yake. Dai idadi ya vijiti na ukubwa wa kila kimoja. Upande wa Xeon, vinane vya GB 32 vinakupa GB 256. Upande wa EPYC, kumi na viwili vya GB 32 vinakupa 384. Kama 384 ni nyingi kwenu, vinane vinaruhusiwa pia: utabaki na GB 307 kwa sekunde, bado zaidi ya Xeon iliyojazwa. Bosi aambiwe ukweli pia kwamba kujaza EPYC kunahitaji vijiti vinne zaidi, na gharama hiyo ni ya upande wa AMD hata kama haionekani kwenye bei ya prosesa.

Tukija kwenye pesa zenyewe: bei ya orodha ya kiwanda kwa 6430 ilikuwa takriban dola 2,100, na ya 9354P takriban 2,700. Ukiziweka hizo mbili peke yake, AMD imezidi kwa zaidi ya robo, na bosi yeyote atashtuka. Lakini hamnunui prosesa, mnanunua seva. Tuseme sanduku, ubao mama, RAM, diski na kadi za mtandao vinafika dola 9,000. Seva ya Xeon inakuwa 11,100 na ya EPYC 11,700. Tofauti imeshuka hadi asilimia tano na kitu. Hapo swali linageuka: je, EPYC inafanya kazi zaidi kwa asilimia sita? Kwa mzigo ulionieleza, kwa tofauti ile ya saa na ya RAM, nasema ndiyo bila kusita. Ukiongeza vijiti vinne vya RAM hesabu inasogea, lakini jibu langu halibadiliki.

Umeme uliotaja, wati 270 kwa 280, usikusumbue. Tofauti ya wati 10 kwa saa 8,760 za mwaka mzima haifiki hata uniti 88, na hiyo ni kama mashine zote mbili zingekuwa zinachemka usiku na mchana. Wati za kwenye karatasi ni kikomo ambacho kifaa cha kupoza kinatakiwa kukimudu, si kile mita itakachosoma.

Kuna prosesa ya tatu ambayo hukuiweka mezani, na nahisi hukuiweka kwa sababu haina viini 32. Ni EPYC 9254. Ina viini 24, MB 128 za kashe, chaneli zilezile kumi na mbili, wati 200, na bei ya orodha ilikuwa kama dola 2,300. Viini vyake vyote kwa pamoja hufika 3.9 GHz, na kimoja peke yake hufika 4.15. Zidisha viini kwa saa: 24 mara 3.9 ni 93.6, wakati 6430 ni 32 mara 2.6, yaani 83.2. Hesabu hii ni ya kijijini kidogo, nakiri, lakini inakuonyesha kitu: viini 24 vinaweza kuwapita 32 na bado vikala wati 70 pungufu.

Kwa PostgreSQL hilo lina uzito wa pekee. Kila muunganisho ni mchakato wake, na ombi moja kwa kawaida huendeshwa na kiini kimoja. Uwezo wa kugawa ombi moja kwa viini kadhaa upo tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, ila kwa mipangilio ya kawaida ni wasaidizi wawili tu kwa kila hatua ya kukusanya, na maombi mafupi ya kila siku hayagawiwi kabisa. Mtumiaji anayesubiri ukurasa ufunguke anasubiri kiini kimoja. Viini vingine 31 vikiwa bure haviwezi kumsaidia.

Halafu leseni. Windows Server huuzwa kwa kiini, kuanzia 16 kwa seva, na kwa leseni ya kawaida unalipia viini vyote vya kimwili vilivyomo hata kama mashine pepe za Windows ni mbili. Kutoka 32 hadi 24 ni leseni za viini nane ambazo hamzinunui. Na siku mkiamua kuhamia SQL Server ya daraja la Enterprise, ambayo bei yake ya orodha inazidi dola 7,000 kwa kiini kimoja, hakuna atakayekumbuka zile 600. Nimeshaona ofisi ikibishana wiki mbili juu ya bei ya prosesa, kisha ikasaini leseni zenye thamani ya seva kumi bila kuuliza kitu.

Nimeipendelea AMD mpaka hapa, na wewe umetaja jambo linaloweza kupindua kila kitu: seva mlizonazo ni Xeon. Kama mmezoea kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine ikiwa hai, watumiaji wakiendelea na kazi, basi jua kwamba hilo halifanyiki kati ya Intel na AMD. Amri za prosesa hazilingani, na mashine pepe iliyoamka ikiziona za aina moja haiwezi kubadilishiwa ikiwa bado macho. Itabidi uizime, uisogeze, uiwashe upya. Kwa wengine hizo ni dakika tano za usiku wa Jumapili na hakuna anayejali. Kwa wengine ni marufuku. Hilo wewe ndiye unayelijua.

Hata hivyo Xeon mpya na Xeon ya zamani nazo haziishi pamoja bure. Ili mashine pepe iweze kurudi kwenye seva ya zamani, unalazimika kuionyesha prosesa mpya kana kwamba ni ya kizazi kile cha zamani, na amri zote mpya zinafichwa. Ukifanya hivyo AMX, kile kitengo cha hesabu za matriki ambacho ndicho silaha halisi ya Xeon hii, hakionekani ndani ya mashine pepe. Na AMX ni hoja ya kweli kwa anayeendesha modeli za akili unde kwenye prosesa bila kadi ya michoro. AMD hii haina. Kama hizo ndizo kazi zenu, hesabu yangu yote ya juu irudiwe upya. Usivutwe tu na sifa za kizazi kizima: QAT, kile kifaa cha kuharakisha usimbaji na ukandamizaji kinachotangazwa sana kwa Xeon za kizazi hiki, hakijawashwa kwenye 6430 inavyotoka kiwandani. Soma ukurasa wa namba yako, si wa ukoo wake.

Na ukilazimika kubaki Intel, usichukue 6430. Omba bei ya Xeon Gold 6530, iliyotoka mwishoni mwa 2023. Inaingia soketi ileile, ina viini 32 vilevile na wati 270 zilezile, lakini kashe ni MB 160, RAM inakwenda kwa 4800, kasi ya juu ni 4.0 GHz, na bei yake ya orodha ilitoka karibu palepale. Ubao mama wa zamani unaweza kuhitaji BIOS mpya (programu ya ubao inayowasha mashine), basi. Nikiona 6430 kwenye profoma leo, hushuku kwamba kuna mtu anasafisha stoo.

Mambo mengine niyapitie haraka. EPYC ina njia 128 za PCIe kizazi cha tano, zile za kuunganisha diski na kadi, Xeon ina 80. Diski moja ya NVMe hula nne, kwa hiyo kama hamuweki zaidi ya kumi, sahau tofauti hii. Herufi P mwishoni mwa 9354P maana yake haikubali kukaa wawili kwenye ubao mmoja. Kwa seva ya soketi moja huo ni unafuu bila hasara. Soketi ya AMD inapokea pia kizazi cha 9005 cha mwaka 2024 kama mtengenezaji wa ubao ametoa BIOS yake, wakati Xeon 6, kizazi kilichofuata cha Intel, imehamia soketi nyingine. Binafsi sijawahi kuona ofisi nyingi zikibadilisha prosesa ndani ya seva ileile, kwa hiyo silipi uzito mkubwa.

Mtu akikupa EPYC iliyotumika kwa bei ya kukutoa macho, muulize ilitoka kwenye seva ya nani. Baadhi ya watengenezaji wa seva huifunga prosesa kwa ufunguo wao siku ya kwanza inapowashwa, na haifunguki tena. Niliinunua moja ya namna hiyo, nikaipachika kwenye ubao wa kampuni nyingine, feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nilishuku ubao, nikashuku RAM, nikabadilisha na kifaa cha umeme. Prosesa ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa ya mwenyewe.

Kuhusu alama za SPEC, shirika linaloweka majaribio ya kupima kasi ya kompyuta, ambazo muuzaji atakupepea usoni: ni jaribio zuri, lakini soma kwa jicho kali. Angalia kama matokeo ni ya soketi moja au mbili, na kama ni ya kazi nyingi kwa pamoja au kazi moja moja. Mwaka 2024 SPEC wenyewe walitia tanbihi kwenye matokeo zaidi ya 2,600 ya mashine za Intel, kwa sababu kompaila iliyotumika (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ilikuwa na maboresho yaliyolenga programu moja ya jaribio hilo, ambayo mtumiaji wa kawaida asingeyapata kwenye kazi zake.

Jaribio bora ni la kwako. Kabla ya kuomba bei, washa mpstat, programu inayoonyesha kila kiini kinavyotumika, kwenye seva ya hifadhidata ya sasa saa ya msongamano na uiache dakika ishirini. Ukiona safu ya iowait (muda wa kusubiri diski) ndiyo iliyojaa huku viini vimekaa bure, tatizo lenu ni diski, na prosesa yoyote kati ya hizi tatu itakuwa pambo. Ukiona kiini kimoja au viwili vimefika mia na vingine vinapiga miayo, nenda 9254. Ukiona vyote vimebanwa, 9354P. Kisha kodi kwa saa chache mashine za mtandaoni zenye prosesa za vizazi hivi viwili, rudisha humo nakala ya hifadhidata yenu yenyewe, na uendeshe pgbench, programu ya kupima kasi ya PostgreSQL, kwa faili la maombi yenu halisi, si lile la mfano linalokuja nalo. Hakikisha data inazidi ukubwa wa kashe, na tupa matokeo ya dakika tano za kwanza kwa sababu RAM inakuwa bado inajijaza. Andika pembeni mambo mawili, miamala kwa sekunde na muda wa ombi lililochelewa zaidi, na umpelekee bosi karatasi hiyo pamoja na profoma tatu zenye idadi ya vijiti vya RAM.